Jean Rosenthal, mwanamuke aliyeandika mwanga kwenye karatasi

Makamarade wa Misisi na Lubondja, na ninyi wote munaosoma huu ukurasa pale Baraka, leo siongei bei ya dhahabu wala pesa ya barieri. Nataka kuwaelezea maisha ya mwanamuke mumoja wa Marekani, Jean Rosenthal, aliyekufa tarehe 1 Mei 1969, siku yetu sisi wafanyakazi. Hakushuka mu shimo hata siku moja. Kazi yake ilikuwa taa za teatri. Lakini ile kitu aliyoihangaikia maisha yake yote njo ile sisi wa mashimo tunakosa, na kuna wenzetu wamelala mu udongo juu ya kuikosa.

Wale wasiojua taa za teatri ni nini, nitawaanzishia kwetu. Nilipokuwa kwenye sekondari tulicheza muchezo wa Noeli. Umeme hapana, grupu hapana. Tulikuwa na taa moja ya Petromax, na mwenzetu mumoja aliyekaa nyuma ya pazia na kipande cha bati. Akiweka bati mbele ya taa, usiku unaingia Betelehemu. Akilivuta polepole, malaika anatokea. Hakuwa na karatasi. Alijua yote kwa kichwa: saa gani avute, polepole ao haraka. Watu walifurahi mpaka wakaomba turudilie juma lililofuata. Lile juma kijana alikuwa amekwisha kwenda Misisi kutafuta pesa. Tukaweka mwengine nyuma ya pazia. Malaika akatokea gizani, na Herode njo alipata mwanga wote wa mbinguni. Watu walicheka mpaka machozi, lakini Noeli yetu ilikuwa imekufa.

Sasa muwaze hiyo shida mu muji sawa New York, na taa mia moja ao mia mbili pahali pa moja. Njo shida aliyoikuta Jean.

Alizaliwa New York tarehe 16 Machi 1912. Baba na mama walikuwa Wayahudi waliotoka Rumania, wote wawili madaktari. Kati ya shule alizosoma kulikuwa Manumit, kule Pawling, shule iliyofunguliwa kwa nia ya kusomesha watoto wa wafanyakazi. Nyuma ya pale akaingia shule ya teatri ya Neighborhood Playhouse. Hakutaka kucheza wala kusimama mbele ya watu. Alipenda kazi ya nyuma, kazi ya mikono na ya hesabu. Pale akakutana na Martha Graham, mwanamuke mucheza ngoma ambaye jina lake likajulikana dunia nzima, akawa musaidizi wake. Hawakuachana mpaka kifo.

Kisha akaenda kujifunza kwenye chuo kikuu cha Yale. Mwalimu wake wa taa alikuwa Stanley McCandless, ambaye mwaka 1932 alitoa kitabu cha namna ya kuangazia jukwaa: unaligawanya vipande vipande, kila kipande unakipiga taa mbili toka pembe mbili, moja rangi ya joto, ingine rangi ya baridi, ili uso wa mutu usionekane sawa bamba la chuma. Leo ni jambo la kawaida. Ile wakati lilikuwa jambo jipya.

Na zile taa ziliongozwaje? Hapa nitakaa kidogo, juu ni kazi ya jasho na sisi tunaijua jasho. Meza za taa za Broadway, mutaa wa teatri kubwa za New York, zilikuwa masanduku makubwa ya mbao, kila moja ukubwa wa piano, na jina lake lilitokana na piano vilevile. Ndani mulikuwa waya za rezistansi. Umeme ukipita mu waya ndefu unachoka, sehemu moja inageuka joto, na taa inapata kidogo; ukifupisha njia, taa inawaka zaidi. Inje ya sanduku kulikuwa mikono ya chuma dazeni moja na zaidi, kila mukono na taa zake. Teatri zenyewe zilikuwa karibu tupu: kila muchezo ulikuja na masanduku yake juu ya lori, yakasimamishwa pembeni ya jukwaa, na mafundi wakasimama mbele yake wakivuta kwa mikono yote miwili, mara ingine na kiwiko ao kipande cha mbao ili kushusha mikono mingi mara moja. Moto wa zile waya uliwapiga usoni. Na kutoka pale waliposimama, mara nyingi hawakuona ile mwanga waliyoifanya. Walingoja ishara tu.

Fundi akiwa mugonjwa, ile jioni jua la muchezo linatua vingine. Muchezo ukienda muji mwengine bila yeye, mwanga unabaki mu kichwa chake New York.

Mwaka 1935 Marekani ilikuwa bado mu magumu, mamilioni ya watu bila kazi. Serikali ya Rais Roosevelt ikaanza kulipa watu kwa kazi za uma, na watu wa teatri nao wakaingizwa, mu kile kilichoitwa Federal Theatre Project. Jean akaandikwa kazi humo, akafika mu kundi la John Houseman na Orson Welles. Mu 1937 Welles alikuwa na miaka 22 tu, na kiburi cha mutu wa miaka 60.

Ile mwaka walitayarisha muchezo wa nyimbo ulioandikwa na Marc Blitzstein, The Cradle Will Rock. Habari yake ni ya muji wa chuma ambako tajiri mumoja amefunga kila mutu mu mufuko: gazeti, kanisa, daktari, juji, na wafanyakazi wanatafuta kuunda sendika. Majuma mawili mbele ya kuufungua, tarehe 30 Mei, polisi wa Chicago walipiga risasi wafanyakazi wa chuma waliogoma, 10 wakafa. Wazee wetu wa Katanga walioona mugomo wa Desemba 1941 kule Elisabethville wangeelewa huo muchezo bila mutafsiri.

Amri ikatoka Washington: hakuna muchezo mupya kufunguliwa mbele ya tarehe 1 Julai. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya bajeti. Tarehe 16 Juni walinzi wakawa kwenye mulango wa teatri ya Maxine Elliott, na kitu chochote cha serikali kisitoke: nguo, mapambo, taa. Juu ya hiyo, sendika ya wacheza yenyewe ikawakataza wanachama wake kucheza kwenye jukwaa kwa bwana mwengine bila ruhusa. Watu walikuwa wamekwisha kununua tikiti.

Jean alikuwa na miaka 25. Wakamupa dolari 10 na kumwambia atafute piano. Akaipata, akapata na lori ya kuibeba, lakini teatri ya kuipeleka haikuwa imepatikana. Basi lori ikazunguka mu New York na piano mugongoni, na Jean akishuka mara kwa mara kupiga simu kuuliza kama kuna pahali. Mimi hii sehemu naipenda kuliko zote. Wakubwa walikuwa mu ofisi wakibishana, na huyu binti juu ya lori njo alikuwa ameshika muchezo muzima, juu bila piano hakuna kitu.

Jioni wakapata teatri ya Venice, vipande 21 vya barabara upande wa kaskazini. Wacheza na watazamaji wakatembea kwa miguu, na watu wa njiani wakajiunga. Blitzstein akakaa peke yake jukwaani kwenye piano, taa moja tu juu yake, iliyoongozwa na Abe Feder, fundi mwanga wa ule muchezo. Akaanza kuimba sehemu ya kwanza yeye mwenyewe. Ghafula mwanamuke kijana, Olive Stanton, akasimama kati ya viti vya watazamaji akaimba sehemu yake. Taa ikageuka kumutafuta. Kisha mwengine akasimama kule, na mwengine huku, mpaka muchezo ukaisha. Sendika ilikataza kucheza kwenye jukwaa. Hawakuwa kwenye jukwaa. Wajumbe wenzangu, musome hiyo mara mbili.

Nyuma ya pale Welles na Houseman wakafungua teatri yao, Mercury, na mu Novemba 1937 wakacheza Julius Caesar ya Shakespeare na nguo za wafasisti wa ile wakati. Hakukuwa mapambo, ukuta tupu tu. Kazi yote ya kujenga nyumba, barabara na hofu ilifanywa na taa za Jean. Aliweka zingine chini ya jukwaa zikipiga juu kupitia matundu ya mbao, sawa zile nguzo za mwanga za mikutano ya Hitler kule Nuremberg. Watu wakaanza kujua kwamba mwanga peke yake unaweza kuwa ukuta.

Nikifika hapa lazima niseme habari ya karatasi, juu njo maana nimechagua huyu mwanamuke.

Broadway ilikuwa na sendika yenye nguvu ya mafundi wa jukwaa. Mutu asiyekuwa wao hagusi mukono wa meza ya taa, hata kama yeye njo amebuni mwanga wenyewe. Jean hakuweza kunyoosha mukono na kufanya alivyotaka. Tena alikuwa mwanamuke katika kazi ambayo wanaume waliiona yao. Aliwashinda kwa njia mbili. Ya kwanza, adabu: aliongea polepole, aliomba badala ya kuamuru, na alijua kazi yao vizuri kiasi hawakuweza kumudanganya. Ya pili, aliandika. Alichora jukwaa kama unaliangalia toka juu, kila taa na namba yake. Akatengeneza orodha ya taa gani inaingia kwenye mukono gani wa sanduku gani. Ingine ya kila taa inaangalia wapi. Na ingine ya kila ishara: kwenye neno hili ao hatua hii ya ngoma, mukono namba fulani utoke kiasi hiki ufike kiasi kile, kwa muda huu. Wengine mbele yake waliandika vipande, lakini yeye alifanya iwe kawaida ya kazi, mpaka wanafunzi wa taa wakaanza kufundishwa hivyo.

Wengine watasema ile kanuni ya sendika ilimufunga mikono. Mimi naona ilimusukuma kuandika. Kama angeweza kuvuta mwenyewe, mwanga wake ungekufa naye.

Faida ikaonekana kwanza kwa wacheza ngoma. Toka 1946, wakati ilianza kwa jina la Ballet Society, mpaka 1957, aliangazia kundi la George Balanchine lililokuja kuwa New York City Ballet. Lile kundi lilicheza ngoma nyingi tofauti, jioni moja tatu ao ine, na halafu safari. Jean alisimamisha taa pembeni toka chini mpaka juu, ili mwili wa mucheza utoke wazi na usishikamane na pazia la nyuma. Kwa Martha Graham alikuwa na mwali mumoja wa kushuka toka pembe ya juu, wacheza wakauita Kidole cha Mungu. Na yote hayo yalikuwa mu karatasi. Muji mwengine, mafundi wengine, lakini mwanga ni ule ule.

Niruhusuni nirudi kidogo kwetu. Miaka michache iliyopita, shimo moja, silitaji, lilikuwa na muzee wa kuweka miti. Yeye peke yake alijua njia za zamani zinapita wapi chini, na ni ipi imejaa maji. Hakuna aliyemuuliza aichore. PDG hapendi karatasi, juu karatasi ikianza kuonyesha njia inaweza kuendelea ikaonyesha renge ngapi zimetoka. Muzee akaugua, akarudi kijijini. Vijana wakachimba siku tatu, siku ya ine wakatoboa njia ya maji. Tuliwatoa wawili, wote bila pumzi. Toka siku ile nina kaye. Sijui kuchora vizuri, lakini kila shimo ninalofika naomba wanionyeshe, na naandika.

Turudie habari ya Jean. Mwaka 1940 alifungua kampuni yake, Theatre Production Service, na nyuma yake kampuni ingine ya ushauri wa taa, hata kwa majengo. Orodha ya michezo yake Broadway ni ndefu: West Side Story mu 1957, The Sound of Music mu 1959, Hello, Dolly! na Fiddler on the Roof zote mbili mu 1964, Cabaret mu 1966. Ile ya 1957 ni ya vijana wa mitaa miwili wanaouana. Ya mu 1964 ni ya Wayahudi masikini wanaofukuzwa kijijini kwao. Watu wa Fizi waliokimbia ziwa mara ngapi hawahitaji maelezo zaidi.

Wakati huo wote mashine ya kukumbuka ilikuwa inatafutwa. Mu 1947, pale Yale alikosoma Jean, George Izenour alionyesha meza ya taa iliyotumia balbu za elektroniki badala ya zile waya za moto. Fundi mumoja aliweza kukaa kwenye meza ndogo na kutayarisha hali ya mwanga inayofuata kwa vifungo vidogo vidogo vilivyopangwa misitari misitari, huku hali ya sasa inaendelea. Ilikuwa nusu ya ukumbusho: mashine ilishika, lakini kidole cha mutu njo kilipanga kila kifungo.

Ukumbusho kamili ulikuja mwisho wa miaka ya 1960, wakati kampuni za Uingereza kama Strand na Thorn zilianza kuuza meza zinazoshika hesabu zenyewe. Kati ya njia walizotumia kulikuwa ile ya kompyuta za wakati ule: pete ndogo sana za feriti, kitu cha oksaidi ya chuma, zilizotungwa sawa shanga kwenye waya nyembamba za shaba. Wanawake njo walizitunga kwa mukono. Umeme ukipita kwenye waya, pete inapata sumaku ya kuzunguka upande huu ao upande ule. Upande mumoja ni ndiyo, mwengine ni hapana. Ukikusanya pete chache unapata namba, na namba inasema taa iwake kiasi gani. Unazima umeme, unaenda kulala, asubuhi pete bado zinajua. Ajabu yake ni kwamba kuisoma pete ni kuifuta. Basi mashine kila inaposoma inaandika tena palepale. Chuma na shaba. Watu waliochimba hivyo vitu hawakuitwa kwenye teatri.

Broadway ilichelewa. Teatri zake zilikuwa bado na umeme wa mukondo mumoja wa zamani, na ile mashine haikuutaka. Ni 1975 tu, kwenye A Chorus Line, Tharon Musser, mwanamuke mwengine aliyepita Yale, aliingiza meza ya kwanza ya kompyuta kwenye mutaa ule. Iliitwa LS-8, mafundi wakaipa jina la mutu, Sam. Pale walipokuwa wanasimama mafundi kadhaa na jasho, kukawa mumoja na kifungo. Kama mutu wa sendika sitajifanya kwamba hiyo haikunishitua. Namba zilizoingia mu Sam ni za namna ile ile mafundi walikuwa wanazisoma kwenye karatasi, kutoka kiasi hiki kufika kiasi kile. Karatasi iliyolinda kazi njo ilirahisisha kuihamisha. Mu mikutano yetu, kampuni kubwa zinapokuja na mashine na kuomba vijana wazionyeshe njia za mawe bure, nakumbuka hilo. Sijaacha kuandika kaye. Ila sasa naandika pia jina la mutu aliyenionyesha, na tarehe.

Jean hakumuona Sam. Kansa ilimushika mbele. Mu Aprili 1969 Martha Graham alikuwa anatoa ngoma mupya, Archaic Hours, na Jean, ambaye alikuwa tayari mugonjwa wa kufa, aliletwa kwenye teatri toka hospitali ili ahakikishe mwanga. Tarehe 1 Mei alikufa, na miaka 57. Kitabu cha kazi yake, The Magic of Light, kilitoka mu 1972, kimetengenezwa na rafiki yake Lael Wertenbaker.

Lile juma alipokufa, Hello, Dolly!, Fiddler on the Roof na Cabaret zilikuwa bado zinaendelea Broadway. Kila jioni mafundi walisimama mbele ya masanduku yao, wakasoma karatasi, wakavuta.